Kuimba panki bila lebo: hatua kwa hatua, kuanzia daftari la nyimbo mpaka pesa ya mlangoni

Kila wiki napata ujumbe wa mtu ananiuliza njia ni ipi. Ana gitaa, ana nyimbo tatu nne, ana hasira na mambo anayoyaona mtaani kwao, na hajui aanzie wapi kwasababu kila anaemuuliza anamwambia atafute meneja, au atafute lebo, yaani kampuni ya kurekodi na kuuza mziki, au aache hizo kelele aimbe kitu kinachochezwa redioni. Mimi ni mtu wa Mombasa naishi Nairobi, naimba panki (punk, ule mziki wa gitaa wa mbio na kelele) kwa Kiswahili mwaka wa tisa huu, mchana natengeneza simu, jioni na wikendi ndo mziki. Sina lebo, sina meneja, na nyimbo zangu zote ni zangu. Ntaandika hapa vile mimi nafanya na vile waliotutangulia walifanya, hatua zingine ntazikalia sana na zingine ntapita tu manake hazina mambo mengi.

Kabla ya yote shika hili moja: uhuru wako kwenye panki ni hesabu. Gharama zako zikiwa ndogo hakuna mtu anaeza kukupangia uimbe nini, zikiwa kubwa yule anaezilipa ndo atakuwa mwenye wimbo hata kama jina lililoandikwa ni lako. Mwaka wa 1976 bendi ya Buzzcocks wa Manchester, Uingereza, hawakuwa na lebo, kampuni za mziki zote zilikuwa London. Wakakopa pauni 500 kwa jamaa na marafiki, tarehe 28 Desemba wakaingia studio, nyimbo nne zikarekodiwa kwa saa tatu na kumiksi saa mbili, picha ya kava akapiga meneja wao Richard Boon kwa kamera ya Polaroid, na Januari 1977 wakaitoa kwa lebo waliyoiunda wenyewe, New Hormones. Walichapa nakala 1,000. Zikaisha, wakachapa tena, mwishowe zikauzwa kama 16,000. Saa tano za studio, jamani. Hio ndo shule yetu.

Hatua ya 1: jua mziki wako unakula pesa ngapi kwa mwezi

Chukua karatasi uandike kila kitu, nauli ya kwenda mazoezi, chumba chenyewe, nyuzi za gitaa, bando, hata maji ya kunywa. Mimi nilipoanza ilikuwa 3,500 kwa mwezi na nikaapa haitapita hapo mpaka mziki wenyewe uanze kuleta. Usiache kazi. Wapo watakaokuambia ukiwa na kazi nyingine hujajitoa, lakini hio kazi ya mchana ndo inakupa nguvu ya kumwambia mwenye klabu hapana na ukalala umeshiba. Na tafadhali usikope kwa zile app za mikopo ili uende studio, nimeona washkaji wawili wakiuza gitaa kulipa mkopo wa siku 30 uliowapatia wimbo mmoja tu.

Vifaa ni vichache. Gitaa la umeme la mtumba lenye shingo iliyonyooka, ampu ndogo, na maiki yako mwenyewe. Kwenye maiki nasisitiza, kwasababu maiki ya ukumbini imetemewa mate na kila mtu na mara nyingi imeanguka mara mia. Shure SM58 inatengenezwa tangu 1966 na ndo ile utaikuta kila mahali, inavumilia kuanguka na kupigiwa kelele, ila feki ni nyingi mjini kwahivyo nunua kwa mtu ambaye ukirudi kesho utamkuta.

Hatua ya 2: andika nyimbo, na uandike kwa Kiswahili chako

Hapa ntakaa. Kuna jarida dogo la mashabiki huko Uingereza, Sideburns, Januari 1977 lilichora kodi tatu za gitaa (chords, nyuzi kadhaa zinazopigwa pamoja), A, E na G, likawaambia wasomaji hizo zatosha, waanzishe bendi. Ni kweli mpaka leo. Kodi tatu utazijua kwa wiki mbili. Maneno ndo kazi ya miaka.

Wengi wetu tulianza kwa kuandika Kiingereza kwasababu nyimbo tulizozisikia ni za Kiingereza, na ukijaribu Kiswahili juu ya ngoma ya mbio unaona maneno ni marefu, hayaingii, unameza silabi. Mimi nilihangaika na hilo karibu mwaka mzima. Kilichonitoa ni shairi la shuleni. Si wakumbuka mizani, kipande kina silabi nane, mshororo una vipande viwili, nane kwa nane? Sasa hesabu ngoma ya panki, moja mbili tatu nne, kila hesabu uikate mara mbili, unapata nafasi nane. Nane! Kipande kimoja cha shairi kinakaa ndani ya mzunguko mmoja wa ngoma bila kusukumwa. Na kuna zaidi, maneno yetu mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwahivyo kwenye kipande cha nane mkazo wa mwisho unaangukia silabi ya saba, na nafasi ya saba ndo hesabu ya nne, na hapo ndo mpiga drams anagonga snea, ile ngoma yenye mlio mkali. Yaani lugha yenyewe inagonga na ngoma. Jaribu kwa kupiga meza:

Maji yamekatwa tena
Lami yaishia kwenu

TE ya tena na KWE ya kwenu zote zinaangukia kwenye snea. Siku nilipoligundua hili nilikuwa kwenye matatu ya Rongai nikashuka kituo si changu. Anza kwa mwendo wa mapigo 160 kwa dakika usiende 190 siku ya kwanza, na ukishazoea nane nane ndo uanze kuvunja, silabi sita hapa, kumi pale, kwasababu wimbo mzima wa nane nane unakuwa kama mashine. Lakini ujue unachokivunja.

Jambo lingine ni vokali. Kila neno letu laishia na vokali na hio ni zawadi kwa mtu wa kupiga kelele, lakini vokali si sawa. A na O zinafungua koo, unaeza kuzivuta ukapiga ukelele mrefu. I na U zinabana, ukizipigia kelele kwa nguvu utaumia. Kwahivyo kwenye kiitikio, pale watu wote watapaza sauti, panga kina chako kiishie na -a au -o. Beti ziishie unavyotaka.

Uandike nini? Unachokiona. Poly Styrene, mwimbaji wa bendi ya panki ya X-Ray Spex, alikuwa binti wa Msomali na mama Mzungu wa Uingereza, alikulia London, alikuwa na vyuma vya meno, na alipokuwa akiimba 1977 na 1978 aliimba plastiki, matangazo ya biashara, madukani, vitu vilivyokuwa vimemzunguka, wala hakujifanya anatoka mahali pengine. Sisi nasi tuna vyetu: tokeni ya stima imeisha saa nne usiku, vibanda vimebomolewa alfajiri, foleni ya hospitali, bodaboda, kodi ya nyumba. Ukiandika "mfumo unatukandamiza" hakuna anaekuona. Ukiandika mama anahesabu sarafu kwenye kaunta ya dawa, kila mtu humo ukumbini anamjua huyo mama.

Na yale mazito pia yaimbwe. National Wake wa Johannesburg walianza 1979, weusi na weupe kwenye bendi moja wakati sheria ya ubaguzi iliwakataza hata kuishi nyumba moja, wakatoa albamu 1981 na ikauza kama nakala 700 kabla ya kuondolewa sokoni kwa shinikizo la serikali. Hapa kwetu Nairobi bendi ya Crystal Axis wameimba kuhusu Mfalme Leopold na Congo, wakaimba kuhusu vyumba vya mateso vya Nyayo House, jengo ambalo tunapita mbele yake kila siku. Ukishika mada kama hizo soma kwanza, uliza wazee, tarehe na majina yawe sawa. Na usimtaje mtu kwa jina ukamtuhumu jambo ambalo huwezi kulithibitisha, kesi ya kumchafulia mtu jina inaeza kumaliza bajeti yako ya miaka kumi.

Urefu usizidi dakika mbili na nusu. Albamu ya kwanza ya Ramones, 1976, ina nyimbo 14 na yote ni dakika 29. Mimi huandika nyimbo ishirini nabakisha sita, na zile kumi na nne siziombolezi, mistari yao mizuri naihamisha. Daftari libaki daftari la karatasi, simu huibiwa.

Hatua ya 3: koo na masikio

Mwaka wangu wa pili nilipoteza sauti siku 11. Nilikuwa napiga kelele kutoka kooni kila wimbo, mazoezi Jumanne na Alhamisi, shoo Jumamosi, na nikadhani kuuma ndo ushujaa. Sio. Kelele nzuri ya panki kwa kweli ni ndogo kuliko inavyosikika, pumzi inatoka chini tumboni, koo limelegea, mdomo uko karibu kabisa na maiki, na maiki ndo inaifanya kubwa. Koo likianza kuwasha au kuuma, acha hapo hapo, rudi uimbe kawaida. Dakika kumi za kupasha sauti kabla, kuguna taratibu, kupanda na kushuka. Maji siku nzima, sio glasi moja jukwaani. Sauti ikikauka nyamaza kabisa, usinong'one, kunong'ona nako kunaichosha. Na ikipita wiki tatu bado imekwaruza nenda kwa daktari wa koo, usingoje.

Masikio vilevile. Sauti ya desibeli 85 inavumilika kwa muda wa saa nane, na kila ikipanda desibeli 3 muda unapungua nusu, kwahivyo ikifika 100 una dakika 15 tu. Chumba kidogo cha mazoezi chenye drams kinafika huko kirahisi. Vaa vizibo vya povu, ni bei ya chapati mbili tatu. Sikio likishaharibika halirudi, na wewe wataka kuwa unaandika nyimbo ukiwa na miaka 60.

Hatua ya 4: bendi au peke yako

Watu husema bila bendi huwezi. Billy Bragg anatoka Barking, mashariki mwa London, bendi yake ya panki ilivunjika 1980, mwaka uliofuata akaingia jeshini akakaa miezi mitatu akalipa pauni 175 wamwachilie, akarudi akiwa na gitaa moja la umeme na sauti yake basi, bila drams bila besi. Mtu mmoja na ampu moja anabebeka. Anaingia katikati ya bendi mbili wakati wanabadilisha vyombo, halipi chumba kikubwa cha mazoezi, hagawani nauli na mtu. Kama huna wenzako wa kuaminika anza hivyo hivyo, nyimbo zikiwa nzuri wenzako watakuja.

Ukiwa na bendi, kaeni chini kabla ya kurekodi mkubaliane mambo matatu: nani ameandika nini, pesa inagawanywa vipi, na mtu akiondoka jina la bendi linabaki na nani. Muandike. Urafiki si sababu ya kutoandika, urafiki ndo sababu ya kuandika.

Hatua ya 5: kurekodi

Usiende studio kutunga. Pigeni nyimbo mazoezini mpaka mnazimaliza zote sita mfululizo bila kusimama, mrekodi kwa simu, msikilize, mrekebishe, ndo mkalipie siku moja. Siku moja, sio wiki. Drams, besi na gitaa mpige pamoja kwa wakati mmoja, alafu gitaa lipigwe mara ya pili juu yake, moja likae kushoto moja kulia, hapo ndo ule ukuta wa sauti unatoka. Sauti yako ya kuimba mwisho kabisa, na anza na nyimbo tulivu, zile za kupiga kelele ziwe za mwisho ili koo lisife saa nne asubuhi.

Ukitaka kufanyia nyumbani kuna programu za kurekodi kwa kompyuta, Audacity ni bure, na Reaper leseni yake kwa mtu mdogo kama sisi ni dola 60, una siku 60 za kuijaribu kwanza. Kwenye miksi mwambie prodyuza sauti iwe juu kidogo kuliko alivyozoea kwenye rekodi za roki za nje. Wao mashabiki wao watasoma maneno kwenye kava, watu wetu wataka kusikia neno mara ya kwanza.

Ukimaliza usiondoke na MP3 peke yake. Ondoka na faili zote za WAV, zile za sauti isiyobanwa, kila chombo peke yake, kwenye hard disk yako, siku hio hio. Kuna studio moja niliambiwa nirudi wiki ijayo kuzichukua, niliporudi kompyuta imefutwa, na wimbo ambao nautaka mpaka leo nina MP3 yake tu.

Hatua ya 6: karatasi

Wimbo una haki mbili na ukizichanganya utaibiwa. Kuna haki ya utunzi, maneno na melodi, na kuna haki ya rekodi yenyewe, ile wanaita masta. Unaeza kuwa na moja bila nyingine. Ukilipia rekodi mwenyewe na ukaandika mwenyewe, zote ni zako, na prodyuza umlipe kazi yake asaini kwamba amelipwa. Kila wimbo uwe na karatasi moja yenye majina ya walioandika na asilimia zao, jumla 100, saini, tarehe.

Hapa Kenya haki inaanza pale kazi inapowekwa kwenye karatasi au kurekodiwa, na ile ya utunzi inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako, lakini sajili na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, upate cheti cha kuonyesha siku ya mabishano. Walioko Tanzania ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kwa kazi ya usanii yenyewe mnajisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa.

Mtu akikuletea mkataba tafuta kwanza masta itakuwa ya nani, kwa miaka mingapi, na gharama gani zitakatwa kabla hujapata shilingi. Mengine yote yasome baadaye. Na masharti ya mitandao pia ni mkataba. Mwaka wa 2006 huyo huyo Billy Bragg alisoma masharti ya MySpace, akaona yanawapa haki kubwa mno juu ya nyimbo zilizowekwa pale, akaondoa nyimbo zake na kulisema hadharani, na maneno yakabadilishwa. Mtu mmoja aliyesoma. Kuna wanaonijibu kwamba lebo ya panki ya Dischord ya Washington, Marekani, tangu 1980 inafanya kazi na bendi zake bila mikataba ya kuandika, ni kweli na nawaheshimu sana, ila wale ni watu wa mji mmoja waliojuana tangu shuleni na kukutana kila siku. Mtu uliyemjua Instagram si huyo.

Hatua ya 7: kutoa

Huku sina mengi. Weka Bandcamp kwanza, tovuti ambayo msanii anauza nyimbo zake mwenyewe, wanakata asilimia 15 kwa nyimbo za dijitali, ukishauza za dola 5,000 inashuka kuwa 10, na kwa tisheti na kanda ni 10, juu ya hapo kuna makato ya malipo. Pesa inaingia PayPal, na PayPal ya Kenya unaitoa kwa M-Pesa. Kuna zile Bandcamp Friday, zilianza Machi 2020, siku ambazo wao hawachukui fungu lao, toa kazi yako mojawapo ya siku hizo. Spotify na wengine waingize kupitia msambazaji wa dijitali, kampuni inayozipeleka nyimbo huko kwa niaba yako, ili watu wakupate, lakini usizipigie hesabu za chakula: tangu 2024 Spotify wimbo usiposikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauhesabiwi malipo kabisa.

Tengeneza na kitu cha kushika mkononi. Teen Idles, vijana wa sekondari Washington, waliweka pesa zote za shoo kwenye mfuko mmoja wa bendi, bendi ilipovunjika 1980 walikuwa na kama dola 600, badala ya kugawana wakachapa nyimbo zao nane kwenye santuri nakala 1,000, makava wakayakata na kukunja na kugundisha kwa gundi wenyewe. Dischord ilianzia hapo. Sisi tulifanya nakala 100 za CD, makava tukachapa kwa fotokopi, siku tatu za mkasi na gundi sebuleni kwa mpiga besi wetu, na dada zake wakatusaidia. Scritti Politti mwaka wa 1978 waliandika kwenye kava la rekodi yao gharama zote, studio kiasi gani, kuchapa kiasi gani. Sisi tuliiga hilo, na watoto watatu mpaka sasa wameniambia walirekodi baada ya kusoma hilo kava.

Hatua ya 8: shoo zako mwenyewe

Usingoje kualikwa. Niliwahi kupigia promota mmoja shoo tatu, akaniambia malipo ni ya kujulikana, ya nne akaahidi 5,000, mpaka leo. Kutoka hapo twaandaa wenyewe.

Tafuta ukumbi ambao siku hio umekufa, Jumapili mchana ni bora. Mwenye nyumba abaki na vinywaji, nyinyi mbaki na mlango. Uliza kama ana leseni ya mziki, usidhani. Bendi tatu zatosha, kila moja dakika 30. Maliza saa mbili usiku ili watu wapate matatu kabla nauli haijapanda. Tuseme kiingilio 300, wakija watu 60 ni 18,000. Toa saundi 7,000, mtu wa mlango 1,000, posta 500, zabaki 9,500, kila bendi kama 3,160 sawa sawa, hata ile ya watoto wa kwanza kupiga. Andika hesabu kwenye karatasi, ibandike ukutani nyuma ya jukwaa kabla mtu hajaondoka. Till ya M-Pesa iwe ya bendi, isiwe namba ya mtu.

Kiingilio kiwe cha chini kila mwaka. Fugazi, bendi ya Washington, walianza 1987 wakapiga mpaka 2002, wakang'ang'ania dola 5 mlangoni miaka mingi hata walipokuwa wakijaza kumbi kubwa, na watu wa umri wote waingie. Waliweza kwasababu gharama zao walizibana wao wenyewe, ile hesabu ya mwanzo. Hilo la umri ni muhimu kwangu, panki ni ya wenye miaka 15 na 16 na wao ndo hufungiwa nje kwasababu ya pombe. Dawa yake ni ya zamani, mlangoni chora X kubwa kwa kalamu nyeusi mkononi mwa aliye chini ya miaka 18, baa haimuuzii. Vijana wa Washington waliirudisha hio kutoka San Francisco mwaka 1980.

Na mbele ya jukwaa pawe salama. Watu wakirukaruka wakigongana ni sawa, akianguka mtu ainuliwe. Anaeshikashika wasichana au anaekuja kupiga watu anatolewa, wimbo unasimama. Fugazi walikuwa na bahasha zenye dola 5 ndani, mkorofi anarudishiwa pesa yake anaonyeshwa mlango. Sisi tunatuma 300 kwa M-Pesa papo hapo, na wasichana wamezidi kuja shoo hadi shoo tangu tuanze.

Hatua ya 9: tisheti

Usichape 100 kwa mkopo. Kata stensili kwenye karatasi ngumu au filamu ya eksirei, nunua rangi ya kupuliza, alafu waambie watu waje na tisheti zao. Jeff Rosenstock na bendi yake ya zamani, Bomb the Music Industry!, walifanya hivyo, nyimbo bure kwenye intaneti na tisheti unakuja nayo unapuliziwa. Mimi hununua nyeusi za mtumba soko la Gikomba asubuhi, 100 hadi 150 moja, napuliza, nauza 500. Shoo nzuri huuza 12. Hio ndo nauli ya bendi kwenda Mombasa.

Hatua ya 10: redio na watu wanaosambaza

Mwaka 1983 Billy Bragg alikuwa na rekodi yake ya kwanza, nyimbo saba dakika kama 16, kavani imeandikwa usilipe zaidi ya pauni 2.99. Akamsikia mtangazaji John Peel wa BBC akisema hewani kwamba ana njaa, akatoka mbio na biriani ya uyoga mpaka redioni. Peel akacheza wimbo, kwa spidi isiyo sahihi, lakini akaucheza. Nimeisimulia hii mara nyingi kwa watu wa pwani kwasababu biriani twaielewa. Alijua Peel ni nani, alikuwa akimsikiliza, kwahivyo alijua saa ya kwenda. Sikiliza kipindi miezi miwili kabla ya kumtumia mtangazaji wimbo. Mtumie mmoja, sio link ya albamu, na mistari minne: jina, mji, wimbo unahusu nini, shoo inayofuata ni lini. Baada ya wiki mbili mkumbushe mara moja. Akijibu au asijibu, mwalike kwenye shoo aingie bure.

Hatua ya 11: tunza masta

Bendi ya Death, ndugu watatu wa familia ya Hackney huko Detroit, Marekani, walirekodi panki 1975 kabla neno lenyewe halijaenea. Bosi wa lebo kubwa, Clive Davis, aliwataka wabadilishe jina, David aliyekuwa kiongozi akakataa, 1976 wakatoa singo wenyewe nakala 500 na mambo yakaishia hapo. Lakini kanda hawakuzitupa. David alifariki 2000, na 2009 kanda zikatolewa na Drag City, wakati huo ndo dunia ikawasikia.

Kwahivyo kila rekodi yangu iko mahali patatu. Moja kwenye kompyuta, moja mtandaoni, na hard disk moja iko Kisauni kwa mama, ndani ya kabati la vyombo vya wageni, imefungwa nailoni sababu ya chumvi ya bahari. Kila Desemba nikienda nyumbani naichomeka nijue kama bado inasoma, naongeza za mwaka huo, na kwenye selotepu juu yake mama ameandika kwa mkono wake, "Nyimbo. Isiguswe."